Topirameti na Valproeti kwa Kipandauso: Dawa za Kifafa Zinazoharibiwa na Haraka

Mtu aliyeandikiwa topirameti kwa sababu ya kipandauso hufika nyumbani, akafungua boksi, akakunjua karatasi ya ndani na kukutana na neno kifafa tangu mistari ya juu. Hapo ndipo vidonge vingi vinapoishia kabatini. Ndugu akiiona karatasi hiyo maswali huanza: kumbe fulani ana kifafa na hakusema? Hakuna aliyekosea. Topirameti iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya kifafa, na mwaka 2004 ikaidhinishwa rasmi kuzuia kipandauso kwa watu wazima. Valproeti ni kongwe zaidi, na aina yake inayouzwa kwa jina la Depakote ilipata idhini ya kipandauso mwaka 1996. Katika kundi zima la dawa za kifafa, ni hizi mbili tu zenye ushahidi mzito kwa kazi hiyo, na ndizo tunazozipima hapa.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Topirameti ni dawa nzuri ya kuzuia kipandauso kwa mtu anayeweza kuivumilia, na wengi wangeivumilia kama dozi ingepandishwa taratibu. Valproeti nayo inazuia, lakini kwa mwanamke au msichana anayeweza kushika mimba hatuikubali kwa ugonjwa huu, hata kama dawa nyingine zimeshindwa.

Kwanza tuelewane kazi ya dawa ya kuzuia. Hii si dawa ya kumeza kichwa kikianza kugonga. Humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume, ili siku za maumivu zipungue. Huanza kufikiriwa mtu anapofikisha siku nne au zaidi za kipandauso kwa mwezi, au anapopata mashambulizi machache lakini makali kiasi cha kumlaza siku mbili tatu chumbani na mapazia yamefungwa. Kabla ya kuandikiwa, hesabu siku unazomeza dawa za kutuliza. Parasetamoli au ibuprofeni kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko, vya ergotamini au vya triptani kwa siku 10 au zaidi, vyenyewe huzalisha maumivu ya kichwa ya kila siku. Anayeishi hivyo akiongezewa dawa ya kuzuia bila kupunguza hizo za kutuliza atasema dawa haifanyi kazi, na atakuwa ameionea.

Kwa nini dawa ya kifafa itulize kichwa? Magonjwa haya mawili yana jambo moja linalofanana: chembe za ubongo zinazosisimka kupita kiasi. Katika kipandauso chenye dalili za kutangulia, wimbi la umeme hutambaa polepole juu ya gamba la ubongo, milimita chache tu kwa dakika, na mgonjwa huona vimulimuli au mistari ya meno ya msumeno ikisogea machoni. Panya waliopewa topirameti au valproeti kwa wiki kadhaa walipata mawimbi hayo machache zaidi. Waliopewa kwa muda mfupi hawakupata nafuu hiyo, na jambo hilo linasaidia kueleza kwa nini binadamu naye hapaswi kuihukumu dawa baada ya wiki moja.

Sasa tarakimu. Majaribio mawili makubwa ya topirameti yalichapishwa mwaka 2004. Katika moja, asilimia 54 ya waliomeza miligramu 100 kwa siku walipungukiwa angalau nusu ya mashambulizi yao, na katika la pili asilimia 49. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani walikuwa asilimia 23 katika yote mawili. Aliyekuwa akipata mashambulizi matano na ushee kwa mwezi alibaki na matatu na kidogo. Kwa maneno ya mtaani: karibu mtu mmoja kati ya wawili anapata nafuu inayoonekana, na wachache sana ndio wanaopona kabisa. Anayekuahidi kwamba kipandauso kitakwisha anakuuzia kitu kingine.

Majaribio hayo yalionyesha jambo jingine ambalo waandishi wa dawa husahau. Miligramu 200 hazikuzuia zaidi ya 100, ila madhara yaliongezeka. Miligramu 50 zilisaidia, lakini watu wachache zaidi. Kwa hiyo 100 ndicho kituo. Ukiona umeandikiwa 200 kwa kipandauso pekee, muulize daktari sababu.

Kupandisha dozi

Vidonge huuzwa vya miligramu 25, 50, 100 na 200, na boksini jina huandikwa Topiramate, iwe ya kampuni iliyoianzisha, yaani Topamax, au ya viwanda vingine. Kwa mwanzo omba vya 25. Utaratibu wa kawaida ni huu: wiki ya kwanza kidonge kimoja cha 25 usiku. Wiki ya pili kimoja asubuhi, kimoja usiku. Wiki ya tatu kimoja asubuhi, viwili usiku. Wiki ya nne viwili asubuhi, viwili usiku, na hapo umefika 100. Ukijumlisha, wiki nne zinahitaji vidonge 70 vya miligramu 25. Hesabu hii fanya ukiwa bado dirishani kwa mfamasia, kwa sababu boksi la vidonge 60 litakuishia ukiwa katikati ya wiki ya nne, siku ambayo huenda famasi ya mtaani haina.

Sisi tunapendelea mwendo wa nusu ya huo: kila ngazi ikae wiki mbili. Vidonge vinakuwa 140 na safari inachukua wiki nane, lakini ganzi na uzito wa akili hupata nafasi ya kuzoeleka kabla ya ngazi inayofuata. Ukifika ngazi ambayo kichwa kimeshatulia, hata kama ni 50 au 75, kaa hapo. Na ngazi ikikushinda, rudi ngazi moja nyuma kwa wiki moja au mbili kisha jaribu tena. Wengi wanaosema dawa hii imewatesa, ukiwauliza walianzaje, utasikia walipewa 50 mara mbili kwa siku tangu siku ya kwanza.

Kidonge kimezwe kizima. Ukikivunja utaonja uchungu ambao haukuachi mpaka umekula. Kwa asiyeweza kumeza kuna kapsuli za chembechembe za miligramu 15 na 25: unaifungua, unazimwaga chembe zote juu ya kijiko kimoja cha chakula laini, uji mzito au ndizi iliyopondwa, na unameza hapo hapo bila kutafuna, kisha maji. Usiandae ya kesho. Kula au kutokula hakubadilishi kazi ya dawa, ingawa anayepata kichefuchefu hujisikia vizuri zaidi akimeza baada ya chakula.

Dawa hutoka kwa wingi kupitia mkojo bila kubadilika, hivyo mwenye figo dhaifu hupewa nusu ya dozi. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kifanyike kabla, pamoja na cha baikaboneti pale maabara inapokuwa nacho, maana topirameti huongeza asidi kwenye damu. Anayetumia haidroklorothayazidi, kile kidonge cha presha kinachokojoza, amwambie daktari: kiwango cha topirameti hupanda na potasiamu hushuka zaidi.

Utakachokisikia mwilini

Ganzi na kuchomachoma kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu, na wakati mwingine kuzunguka midomo, humpata karibu nusu ya wanaotumia 100. Huja na kuondoka, na hutisha kwa sababu watu huifikiria kuwa kiharusi. Tofauti ni kwamba kiharusi huvamia upande mmoja, mkono ukalegea au mdomo ukapinda. Ganzi ya topirameti kwa kawaida huwa pande zote mbili, haina udhaifu, na mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Soda hubadilika ladha. Fungua chupa ya soda ya tangawizi iliyotoka barafuni, isikie ikifoka, imimine glasini uone mapovu yakipanda, kisha inywe: kwenye ulimi hakuna msisimko, ni kama maji ya sukari yaliyolala usiku kucha bila kifuniko, na wengine huonja chuma. Soda haina kasoro. Topirameti huzuia kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrezi, na hicho ndicho kinachouwezesha ulimi kuhisi gesi ile. Kimeng'enya hicho hicho kipo kwenye figo, na kuzuiwa kwake ndiko kunakoleta asidi kwenye damu na mawe ya figo. Dalili ya ulimi haina hatari yoyote, ya figo inayo.

Mawe hayo yalionekana kwa watu wapatao 15 katika kila 1,000 kwenye majaribio ya kifafa. Kinga ni maji: lita mbili hadi tatu kwa siku, na kipimo rahisi ni mkojo kuwa mweupe au wa manjano hafifu. Aliyewahi kuwa na jiwe la figo achague dawa nyingine. Anayefuata mlo wa keto, wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili apungue uzito asiuchanganye na topirameti, kwa sababu vyote viwili huongeza asidi na kuvuta mawe. Maumivu makali ya ubavu yanayoshuka kwenye kinena, au mkojo wenye damu, ni safari ya hospitali.

Kisha akili. Hapa ndipo dawa hii inapopoteza watu. Mtu hutafuta neno analolijua, jina la jirani au la kitu kilichopo mezani, na halimjii. Mwalimu ubaoni, mtangazaji, karani anayejumlisha fedha huliona mapema kuliko mtu anayefanya kazi ya mikono. Linategemea dozi, linategemea kasi ya kuipandisha, na huondoka dawa ikipunguzwa. Kazi yako ikiwa ni maneno au hesabu, mwambie daktari kabla, na usianze wiki ya mitihani.

Hamu ya kula hupungua na uzito hushuka, kwa wastani asilimia 3 hivi ya uzito wa mwili, yaani kilo mbili na kitu kwa mtu wa kilo 80. Kwa mwenye unene hili ni zawadi. Kwa msichana mwembamba anayeruka milo ni hatari, na njaa yenyewe ni kichokoo cha kipandauso.

Jambo la jicho tunaliandika kwa mkazo. Mara chache, hasa ndani ya mwezi wa kwanza, dawa hii husababisha jicho kujaa presha ghafla: kuona mbali kunakuwa ukungu, macho yanauma na kuwa mekundu. Mwenye kipandauso huwa mwepesi wa kudhani ni vimulimuli vyake vya kawaida. Vimulimuli huchukua kati ya dakika 5 na saa moja, kisha huondoka. Ukungu uliodumu zaidi ya hapo, tena kwenye macho yote mawili na kuna maumivu, ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na boksi la dawa mkononi, na kuwaambia: nimeanza topirameti wiki mbili zilizopita. Tiba ya kwanza ni kuiacha dawa kwa uongozi wa daktari. Kuchelewa kunaweza kugharimu macho.

Jasho hupungua kwa baadhi, zaidi watoto. Kwenye joto la Dar es Salaam la Februari, au Mombasa, au kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Muscat na Dubai kiangazi, mwili usiotoa jasho huchemka. Ngozi kavu yenye joto baada ya kazi ya juani ni ishara ya kukaa kivulini, kunywa maji na kumwona daktari. Na hali ya nafsi: mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2008 kwamba dawa zote za kifafa zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa wachache. Mke, mume au dada wa nyumbani ndiye anayeona kwanza kuwa mtu amekuwa mkimya au mkali kuliko kawaida. Mwambieni mmoja wao aangalie.

Mimba na uzazi wa mpango

Sehemu hii tungependa isomwe hata na mtu asiyesoma nyingine. Kwa mujibu wa mamlaka ya dawa ya Uingereza, kati ya watoto 100 waliofikiwa na topirameti tumboni, 4 hadi 9 huzaliwa na kasoro za maumbile, wakati kwa wasiofikiwa ni 1 hadi 3. Mpasuko wa mdomo na kaakaa ni mojawapo. Watoto wengi zaidi huzaliwa wadogo, na uwezekano wa usonji na ulemavu wa akili huonekana kuwa mara mbili hadi tatu. Tangu Juni 2024 Uingereza hairuhusu topirameti kwa kipandauso wakati wa mimba, na mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa hii bila kinga ya uhakika.

Kinga ya uhakika ni ipi? Hapa kwetu wanawake wengi wana vijiti mkononi na huamini wamemaliza. Topirameti huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja homoni, na kwa sababu hiyo mwongozo wa Uingereza hautegemei vidonge vya uzazi wa mpango wala vijiti kwa anayetumia dawa hii. Kinachotegemewa ni kitanzi, cha madini ya shaba au cha homoni, au sindano ya miezi mitatu pamoja na kondomu. Mwanamke akienda kliniki ya uzazi wa mpango aitaje topirameti kwa jina, kwa sababu muuguzi akiuliza tu kama una ugonjwa wowote, wengi hujibu hapana, kichwa tu.

Mimba ikiingia katikati ya matumizi, nenda kwa daktari mara moja. Usikae na dawa ukisubiri tarehe ya kliniki ya wajawazito.

Ramadhani

Kwa mfungaji, topirameti ni rahisi kuliko dawa nyingi. Nusu ya dawa hukaa mwilini kwa saa zipatazo 21, hivyo dozi mbili zinaweza kuhamia futari na daku bila kuharibu kinga. Tatizo ni maji, maana zile lita mbili na zaidi zinapaswa kuingia kati ya magharibi na alfajiri, na haziwezi kunywewa zote daku kwa mkupuo. Weka jagi karibu wakati wa tarawehe. Anayepanga kuianza dawa hii asubiri Shawwal, au aanze angalau miezi miwili kabla ya mwezi kuandama, ili asibebe kwa pamoja kiu, kukosa chai ya asubuhi na ngazi mpya ya dozi.

Valproeti

Ilitumika kama kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine maabara Ufaransa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipogundulika kwamba yenyewe ndiyo inayozuia degedege. Kwa kipandauso, jaribio moja la mwaka 1995 lilipata nafuu ya nusu au zaidi kwa asilimia 48 ya waliotumia, dhidi ya asilimia 14 kwa kidonge kitupu. Dozi ni miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, ukianza na 200 au 250 mara mbili. Kupandisha zaidi ya hapo kwa kipandauso hakuongezi faida. Haitii ganzi, haiharibu soda, haichanganyi maneno kama topirameti.

Inafanya mengine. Uzito huongezeka, na mara nyingi sana. Nywele hupungua, na zinazorudi kwa baadhi huwa za mawimbi. Mikono hutetemeka: angalia kikombe cha chai kinapobebwa na kisahani chake, vyombo vinagongana kabla havijafika mezani. Ini na kongosho ndivyo vya kuogopwa. Vipimo vya ini vifanyike kabla ya kuanza na vikaguliwe katika miezi sita ya kwanza. Kutapika kusikoisha, macho kuwa ya manjano, au maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo.

Vidonge vya valproeti hunyonya unyevu wa hewa. Ukivitoa kwenye karatasi yake ya bati na kuvipanga kwenye kijisanduku cha siku saba, kwa hewa ya Tanga au Zanzibar utavikuta vimelainika na kunata. Toa kimoja saa ya kumeza. Vilivyo na ganda la kulinda tumbo, na vile vya kutoa dawa polepole, havipondwi.

Kwa mimba takwimu zake ni nzito kuliko za topirameti kwa mbali: watoto kama 11 katika 100 huzaliwa na kasoro za maumbile, zikiwemo za uti wa mgongo, na 30 hadi 40 katika 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Foliki asidi, vitamini wanayopewa wajawazito, haifuti hatari hiyo. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake kwa kipandauso cha wajawazito mwaka 2013, na Uingereza tangu Januari 2024 haimwanzishii mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 55, mwanamume au mwanamke, bila madaktari bingwa wawili kukubaliana kwamba hakuna njia nyingine. Mwanamke aliyekwisha kuanza asiitupe ghafla, hasa kama ana kifafa pia. Arudi kwa daktari wiki hii.

Dawa za kifafa zisizofaa

Kwa kuwa dawa za kifafa zinazopatikana kwa urahisi kwenye vituo vyetu ni fenobabitali, fenitoini na kabamazepini, kuna anayepewa mojawapo kwa sababu tu ni ya kifafa. Fenobabitali na fenitoini hazina nafasi katika kuzuia kipandauso, na ushahidi wa kabamazepini ni mwembamba. Zote tatu hushusha kiwango cha dolutegraviri, dawa kuu ya virusi vya UKIMWI kwa sasa, hivyo kwa mtu aliye kwenye tiba hiyo madhara ni makubwa kuliko kichwa chenyewe. Lamotrijini ilijaribiwa na haikuzuia. Gabapentini iliwahi kusifiwa, lakini mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha majaribio ya tiba, hayakuikuta na faida.

Kwa watoto tuwe waangalifu zaidi. Jaribio lililofanyika Marekani kwa watoto wa miaka 8 hadi 17 lililinganisha topirameti, amitriptilini na kidonge kitupu, na likasimamishwa mapema kwa kuwa hapakuwa na tofauti: waliopata nafuu walikuwa asilimia 55, 52 na 61, na hiyo 61 ni ya kidonge kitupu. Mamlaka ya Marekani inairuhusu topirameti kuanzia miaka 12, lakini kwa mtoto tungeanza na usingizi wa saa zisizobadilika, kifungua kinywa kabla ya shule na chupa ya maji begini.

Na mbele ya dawa nyingine je? Propranololi na amitriptilini ni za bei nafuu, zipo hospitali nyingi, na kwa wengi ndizo za kwanza. Topirameti hupanda foleni kwa mwenye pumu, asiyeweza kutumia propranololi, kwa mwenye uzito mkubwa ambaye amitriptilini ingemnenepesha, na kwa anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, ambako ina majaribio yake yenyewe. Sindano mpya za kila mwezi huivuka kwa uvumilivu: katika jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 777, asilimia 39 ya waliopewa topirameti waliiacha kwa madhara, na waliochomwa erenumabu, mojawapo ya sindano hizo, waliojitoa walikuwa asilimia 11. Tofauti hiyo ni kubwa na inaumiza, kwa sababu sindano hizo bado ni ngumu kupatikana na ghali mno kwa wengi wetu.

Kuipima na kuiacha

Weka daftari mwezi mmoja kabla ya kidonge cha kwanza. Alama tatu zinatosha kwa kila siku: kichwa kiliuma au hakikuuma, kikali au cha kawaida, dawa gani ya kutuliza ilimezwa. Ukifika dozi yako, ipe miezi miwili hadi mitatu, kisha linganisha kurasa. Siku 10 zikawa 5, imefaulu. Zikawa 8 na vidole vinauma, haijafaulu, badilisha.

Ikifaulu, kaa nayo miezi 6 hadi 12, kisha ujaribu kushuka. Waliosimamishwa baada ya miezi sita katika utafiti mmoja waliongezeka siku za maumivu kidogo, lakini hawakurudi kule walikoanzia. Kushuka ni kwa miligramu 25 kila wiki moja au mbili, kwa kuondoa kidonge cha asubuhi kwanza kama mchana ndio unaokulemea. Kuacha siku moja kutoka 100 hadi sifuri kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kwa hiyo anayesafiri abebe za kutosha na za ziada za wiki moja kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa buti la basi.